Kabla ya kulipia feni mpya, isikilizeni hadi diski

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo linalowapotezea watu fedha na kumbukumbu zao hapa Pemba, na sidhani kama ndugu zetu wa Unguja wamesalimika nalo. Kompyuta za mezani zilizokwisha tumika ng'ambo, ambazo sasa zimeenea majumbani, kwenye vibanda vya kutolea kopi na katika ofisi za skuli, huanza kupiga kelele baada ya muda, na mwenye kompyuta anapoipeleka kwa fundi mara nyingi hupewa moja kati ya dawa mbili: kubadilishiwa pawa saplai, yaani kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme, au kupigiwa upya Windows, programu kuu inayoiendesha. Ni nadra kuulizwa kelele yenyewe ikoje, inaanza wakati gani na inatokea upande upi wa kasha. Mimi nilikuwa fundi wa redio na televisheni hapa Chake Chake kabla ya kuingia kwenye kompyuta, na katika kazi ile sikio lilitangulia, bisibisi ikafuata. Ninachotaka kusema ni kwamba kelele ya kompyuta inaweza kufuatwa mpaka kwenye kifaa kinachoitoa, hapo hapo nyumbani, bila ya kulipa kitu, na kwamba wengi wetu tunaikimbilia kelele kubwa, ambayo kwa kawaida haina madhara ya haraka, huku tukiiacha ile ndogo ya hadi diski, kifaa cha ndani kinachohifadhi mafaili, inayotangaza kuwa picha, hesabu na barua zetu zinakaribia kupotea.

Kazi huanza kwa kuhakikisha kwamba kelele ni ya kompyuta kweli. Wakati unaofaa ni usiku baada ya sala ya Isha, redio za jirani zikiwa zimezimwa, na feni ya dari izimwe pia, kwa sababu feni hiyo ikivuma juu ya kichwa humfanya mtu aape kuwa sauti inatoka mezani. Baada ya hapo kisikilizwe kile kisanduku cha stabilaiza, cha kusawazisha umeme, kilichowekwa sakafuni. Nimewahi kuletewa kompyuta kwa malalamiko kwamba inagonga ndani, nikaiwasha kutwa nzima kwenye karakana bila ya kusikia lolote, mpaka nilipokwenda nyumbani kwa mwenyewe wakati wa magharibi, saa ambayo kila nyumba imewasha taa na pasi na nguvu ya umeme imeshuka, nikakuta ni relei za stabilaiza, yaani swichi zake za ndani, zinazoruka kutoka ngazi moja ya transfoma hadi nyingine, kachu, kachu, kila umeme unapopanda na kushuka. Mvumo mzito wa kisanduku hicho nao una asili yake: umeme wetu, unaotufikia kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma cha transfoma hutanuka na kusinyaa mara mbili katika kila mzunguko, kwa hivyo mvumo wake ni wa mitetemo 100 kwa sekunde. Mvumo huo ukizidi ghafla, aghlabu ni skrubu zilizolegea. UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba, inapotoa mlio mfupi kila baada ya sekunde kadhaa inaarifu kwamba inatumia betri, na nyingi kati ya zile za bei nafuu hutoa umeme wa kukatakata usio laini, hata pawa saplai ya kompyuta ikaanza kukereza umeme unapokatika na kunyamaza unaporudi. Asiyelijua hilo hununua pawa saplai mpya, nayo itakereza vile vile.

Spika hazihitaji maelezo marefu. Geuza kitufe cha sauti mpaka chini; kelele ikitoweka, kompyuta haina kosa. Mlio wa bzz-bzz unaotangulia simu kuingia unatokana na simu yenyewe iliyowekwa karibu na spika, maana simu za mtandao wa 2G hurusha mawimbi yake kwa vipande 217 katika kila sekunde, na waya za spika huvidaka. Mvumo wa kudumu katika spika, kwenye nyumba ambayo soketi zake hazina waya wa ardhi, ni kazi ya fundi wa umeme wa nyumba, na ni vizuri aitwe kwa sababu nyingine kubwa kuliko kelele, nayo ni hatari ya kupigwa na umeme.

Sasa nije kwenye feni, ambazo ndizo zinazoleta watu wengi kwa mafundi. Kompyuta ya kawaida ya mezani ina feni juu ya prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, nyingine ndani ya pawa saplai, mara nyingi moja nyuma ya kasha, na kama ina kadi ya picha yenye nguvu huwa na feni ya ziada juu yake. Sauti ya feni nzima ni ya upepo, fyuuu, isiyo na mapigo, nayo hupanda na kushuka kufuatana na joto. Katika kaskazi, pale chumba kinapofikia nyuzi 32 mchana, feni ya prosesa inazunguka kwa kasi zaidi kuliko wakati wa kipupwe, na hilo ni ada yake. Kinachostahili kuangaliwa ni feni inayovuma kwa nguvu hata asubuhi wakati hakuna kazi inayofanyika. Ukiitoa feni ya prosesa, chini yake, katikati ya mapezi ya alumini, utakuta utando wa vumbi ulioshikamana kama kitambaa cha kijivu, kiasi cha kuweza kuubandua kwa kidole ukiwa kipande kimoja. Kwetu visiwani vumbi hilo lina ubaya wake wa ziada, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu, ikalifanya vumbi linate pale lilipotua badala ya kupeperuka. Wanaoishi katika nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe huongezewa na unga wa chokaa unaopukutika kutani. Hewa inapokosa kupita, prosesa huchemka, feni huongezewa kasi, na kelele huzidi, ingawa feni yenyewe haina ugonjwa wowote. Brashi laini ya rangi, kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme, inatosha kwa kazi hiyo. Wale wanaoipeleka kwa fundi wa pancha ili ipulizwe kwa upepo wa kompresa wafahamu kwamba upepo ule hubeba matone ya maji, na kwamba feni isiposhikwa wakati wa kupulizwa huzungushwa kwa kasi isiyotengenezewa, ikaharibika beringi siku hiyo hiyo iliyosafishwa.

Feni iliyochakaa beringi haivumi tu, bali hukwaruza au kutetemeka, khasa kompyuta inapowashwa asubuhi, kisha hutulia kidogo ikipata joto. Feni inayoguswa na waya hutoa trrrr yenye mapigo sawa, ambayo hubadilika au kukatika ukiliinamisha kasha kidogo, na dawa yake ni kuufunga waya pembeni. Nimekuta pia mjusi kafiri aliyefuata joto ndani ya kasha usiku, na sina haja ya kueleza sauti iliyosikika asubuhi. Katika feni zenye beringi ya kawaida, tone moja la mafuta ya cherehani chini ya karatasi ya kibandiko iliyopo katikati laweza kuirudisha kwa miezi kadhaa. Nasisitiza cherehani, kwa sababu nimeona feni zilizotiwa mafuta ya nazi, ambayo huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi na baada ya muda hugeuka ulimbo, ikawa feni iliyonyamaza kwa siku chache inashindwa kabisa kuanza kuzunguka.

Ili kujua ni feni ipi kati ya hizo, wengi huzizuia moja moja na kusikiliza, na hapo ndipo wanapodanganyika. Sauti mbili zenye ukubwa sawa zikivuma pamoja hupata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu zaidi ya sauti moja, na sikio la binadamu huhitaji tofauti ya takriban desibeli 10 ndipo liseme kelele imezidi mara mbili. Maana yake ni kwamba unaweza kuinyamazisha feni mbovu huku nyingine yenye kelele kama yake inaendelea, ukaona kama hakuna kilichobadilika, ukaihukumu kuwa nzima. Kinyume chake, kasi ya feni ina uzito mkubwa sana katika kelele: feni ikizunguka mara mbili ya kasi yake huongeza takriban desibeli 15, na ndiyo sababu feni pana ya milimita 120 inayokwenda polepole hupitisha hewa ile ile kwa utulivu kuliko ya milimita 80 inayokwenda mbio. Kwa hiyo njia iliyo sahihi ni kuzichomoa zote za kasha isipokuwa ya prosesa, kompyuta ikiwa imezimwa, kisha kuiwasha kwa dakika chache na kuongeza moja baada ya nyingine, badala ya kupunguza. Kwa kutafuta upande, bomba la karatasi lililokunjwa, ncha moja sikioni na nyingine ikipitishwa mbele ya tundu la kila feni bila ya kugusa, hufanya kazi ambayo vidole havitakiwi kufanya.

Feni zikishanyamaza au kupungua, ndipo sauti iliyokuwa imefichwa chini yake inaposikika, kama kilio cha mtoto ngoma ya harusi inapopumzika, na hapa ndipo penye shabaha ya barua yangu. Mama mmoja wa Wete, ambaye huchapa barua na kutoa kopi nyumbani kwake, aliitengenezea kompyuta yake feni kwa fundi mwingine, akalipa, akaridhika. Aliponikuta sokoni akaniambia, "Alhamdulillahi fundi, sasa imetulia, imebaki kutatarika kidogo tu." Nilimwomba asiiwashe tena mpaka nifike. Kule kutatarika kulikuwa ni hadi diski, na bila ya shaka kulikuwepo tangu zamani, ila feni ilikuwa inakufunika. Picha za harusi ya binti yake tulizipata nyingi, si zote, na hesabu za mwaka mzima za kibanda chake hazikupatikana.

Hadi diski ina sahani zinazozunguka, katika kompyuta za mezani kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na katika kompyuta nyingi za mapajani mara 5,400. Juu ya sahani hizo huelea vichwa vya kusomea kwa mwanya mdogo kiasi kwamba chembe ya vumbi au moshi wa sigara ni mlima mbele yake, na ndiyo maana haifunguliwi na mtu yeyote kwenye karakana, hata awe stadi namna gani. Sauti zake za uzima ni tatu. Kuna mvumo mwembamba wa kudumu wa kule kuzunguka. Kuna mchakato mdogo usio na mpangilio, kama wa kucha zinazotembea juu ya meza, faili linapofunguliwa au kuhifadhiwa. Na kuna mgoto mmoja kompyuta inapozimwa, pale vichwa vinaporudi mahali pa kuegeshwa. Mvumo ukionekana mkubwa kupita kiasi, weka kiganja juu ya ubavu wa kasha na ukandamize. Ukipungua, kinacholia ni bati lililolegea linaloitikia mtetemo wa diski, na kulikaza skrubu nne kutamaliza shauri.

Sauti za hatari zina tabia nyingine. Ya kwanza ni mgoto unaorudiwa kwa vipindi sawa, taka, taka, taka, huku kompyuta imeganda na taa yake ya diski inawaka bila ya kuzimika: vichwa vinashindwa kupata alama za kujiongozea juu ya sahani, vinarudi mwanzo, vinajaribu tena, na kila jaribio huweza kuikwaruza zaidi sehemu iliyobaki. Ya pili ni mbinja nyembamba inayopanda, dalili ya beringi ya mota kuchakaa. Ya tatu ni kijilio kifupi cha mota inayojaribu kuzunguka ikashindwa, kisha kimya. Ili kuthibitisha, shika bisibisi ndefu, ncha yake iguse ubavu wa chuma wa hadi diski kwa upole, wala si upande wa chini wenye saketi, na mwisho wa mpini uuweke kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sauti ya ndani itakuja wazi, peke yake, kana kwamba feni hazipo. Ukisikia mgoto wa vipindi, usipigiwe Windows upya, kwa sababu kazi hiyo huandika juu ya diski kwa muda mrefu na inaweza kuwa ndiyo ya mwisho kwake. Nakili kwanza vile ambavyo huwezi kuvipata tena, picha kabla ya nyimbo, hesabu kabla ya programu, kwenye flashi au diski ya nje, kisha zima. Na kama kompyuta yako imewekwa SSD, hifadhi isiyo na sahani, badala ya hadi diski, basi ndani yake hakuna kinachozunguka, na anayekuambia kuwa SSD inagonga anakuuzia kitu.

Ipo kelele moja ambayo huwatia watu wasiwasi bila ya sababu, nayo ni mluzi mwembamba sana, wa juu, unaobadilika mtu anapovuta ukurasa juu na chini au anapofungua mchezo. Hutoka kwenye koili, yaani nyaya zilizoviringwa, za mazabodi (ubao mkuu wa saketi), za kadi ya picha au za pawa saplai, ambazo nyaya zake hutetemeka umeme unapopita kwa vipindi vya haraka. Unakera, lakini hauashirii kufa kwa kitu. Tatizo lake ni kwamba watu wazima wengi hawausikii, na mimi nikiwemo. Katika televisheni za kioo cha zamani kulikuwa na mluzi wa mitetemo 15,625 kwa sekunde, ambao nilipokuwa kijana nilitambua kwa huo kama televisheni ya jirani imewashwa hata ikiwa haina sauti, na leo nisingeweza. Kwa hiyo mtoto anapomwambia babu yake kuwa kompyuta inapiga mbinja, babu asimkatalie. Amwambie aweke bomba la karatasi na aonyeshe inapotoka. Katika karakana yangu kazi hii hufanywa na mjukuu wangu, naye huidai haki yake ya ubuyu kila mara.

Kwa pawa saplai nina neno la tahadhari tu. Bomba la karatasi liishie nje ya tundu lake. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa ndani yake hufikia takriban volti 325, na kapasita zake huweza kubaki na nguvu hiyo baada ya waya kuchomolewa. Feni yake ikikwaruza, na abadilishe anayeijua kazi hiyo, au ibadilishwe yote; hapo ndipo ile dawa ya kwanza ya mafundi inapokuwa na haki.

Nina maombi mawili, Mhariri, na yote hayagharimu kitu. La kwanza ni kwa wauzaji wa kompyuta zilizotumika, wa Chake Chake, Wete, Mkoani na wale wa Darajani, Unguja. Maduka mengi huuza kompyuta huku muziki umefunguliwa mpaka mwisho na jenereta linanguruma mlangoni, na mnunuzi anaonyeshwa kioo kinawaka, basi. Wamruhusu aichukue kompyuta hadi chumba cha nyuma, kasha likiwa wazi, aiwashe kwa dakika 15, afungue faili kubwa, na aisikilize hadi diski kwa bisibisi kabla ya kutoa fedha. Muuzaji asiyekubali hilo atakuwa ameshajibu swali. La pili ni kwa mafundi wenzangu, kwamba katika risiti tunayompa mteja tuandike kelele ilikuwa ya namna gani na imetoka kwenye kifaa kipi, kisha kile kifaa kibovu arejeshewe mkononi, ili siku akisikia sauti nyingine aweze kumweleza fundi yeyote kwamba hii siyo ile.

Fundi wa redio na kompyuta,
Chake Chake, Pemba.